Pindo, rangi na mgongo: kwa nini wakusanyaji wa kadi za kale za besiboli hawaafikiani

Mickey Mantle, nyota wa New York Yankees, ana kadi mbili ambazo kila mkusanyaji wa kadi za besiboli Marekani anazijua. Moja ilitolewa na kampuni ya Bowman mwaka 1951, na ndiyo kadi yake ya kwanza katika ligi kuu. Nyingine ilitolewa na Topps mwaka uliofuata. Kanuni ya biashara hii ni kwamba kadi ya mwanzo ya mchezaji huwa ghali kuliko zinazofuata, na kwamba kilicho adimu hukipita kilicho kingi. Kwa Mantle kanuni zote mbili zinagonga mwamba. Kadi ya Topps si ya mwanzo, tena katika fungu lake, yaani kadi za seti hiyo zilizochapwa na kutolewa pamoja, picha yake iliwekwa mara mbili kwenye karatasi ya kuchapia, ilhali wenzake karibu wote waliwekwa mara moja. Ndani ya fungu hilo, basi, Mantle ni mwingi kuliko majirani zake. Lakini Agosti 2022 nakala moja ya Topps iliuzwa mnadani kwa dola milioni 12.6, bei ambayo ile ya Bowman haijawahi kuikaribia.

Ukiuliza sababu utaambiwa ni umaarufu. Umaarufu wa nani, maana mchezaji ni yuleyule? Zitandike kadi hizo mezani uzitazame. Ya Bowman ina milimita 52 kwa 79, ni mchoro mdogo wenye rangi zilizopoa na anga la mawingu. Ya Topps ina milimita 67 kwa 95. Kijana amebeba gongo begani, nyuma yake samawati tupu, chini jina lake kwenye kibao, saini na nembo ya timu kwa rangi. Ya kwanza inaonekana kama kitu cha zama za babu. Ya pili ingeweza kuwa bango la jana. Hapo ndipo mjadala wa mitindo unapoanzia, na una nyuzi kadhaa ambazo wakusanyaji wenyewe huzichanganya: picha ilivyotengenezwa, pindo lililoizunguka, aliyeigawa kadi, na uchakavu unaovumilika.

Picha ya kamera na picha ya jiwe

Kadi hizi zilizaliwa na sigara. Miaka ya 1880 paketi za sigara zilikuwa laini, zikahitaji kipande cha kadibodi cha kuzikaza, na kampuni zikaona ni upuuzi kuacha kipande hicho kitupu. Goodwin & Company ya New York, wenye sigara za Old Judge, walibandika juu yake picha halisi za kamera, za rangi ya hudhurungi. Kamera za wakati huo hazikuweza kumnasa mtu anayekimbia kiwanjani, kwa hiyo wachezaji waliitwa studio. Mpira ulining'inizwa kwa uzi, mchezaji akanyoosha mikono kana kwamba anaudaka. Wengine walilazwa sakafuni wajifanye wanateleza kuingia kituoni. Katika kadi nyingi uzi unaonekana waziwazi, na mashabiki wa Old Judge wanaupenda uzi huo kuliko kitu kingine chochote.

Wakati huohuo, mwaka 1887, Allen & Ginter wa Richmond, Virginia, walitoa seti ya mabingwa 50 wa dunia, 10 kati yao wachezaji wa besiboli, waliobaki wakiwa mabondia, wapiga makasia, wapiga shabaha, akiwemo Annie Oakley. Hizi zilichapwa kwa litografia, yaani mchoro juu ya jiwe, na kila rangi jiwe lake. Rangi zinang'aa, nyuma ni peupe, na hakuna bingwa mwenye kasoro usoni.

Mgawanyiko huo wa 1887 haujafungwa hadi leo. Mtu wa picha ya kamera anataka sura kama ilivyokuwa: sharubu zilizopindwa, fulana ya sufi iliyolegea, macho ya mtu aliyechoka kusimama. Mtu wa mchoro anaziona hizo kama picha za kitambulisho, yeye anataka rangi. Na upendeleo huo hubadilisha hata namna ya kukagua. Picha za Old Judge hufifia, kwa hiyo mzoefu huangalia kwanza kama sura imekolea. Kadi yenye kona kali lakini uso umegeuka kivuli cha waridi haimvutii. Afadhali kona iliyovunjika na uso uliokolea. Kwa mtu wa litografia mpangilio huo ni kinyume, kwa sababu rangi zake hudumu na kinachobaki cha kukaguliwa ni kona na mikunjo.

Zile nyeupe

Mwaka 1890 James B. Duke aliunganisha washindani wakubwa wa sigara chini ya American Tobacco Company. Ushindani ulipokufa, hakukuwa na haja ya zawadi kwenye paketi, na kadi karibu zikatoweka kwa miongo miwili. Ziliporudi, kati ya 1909 na 1911, zilikuja na seti ambayo wengi wanaiona kilele cha zama za kabla ya Vita vya Pili vya Dunia: T206 (herufi hizi nitazieleza mbele). Kadi 524 kwa hesabu inayotumika sana, kila moja ndogo kuliko kiberiti cha jikoni, zilizogawiwa ndani ya sigara za chapa 16. Picha nyingi za nyuso zilichorwa kutokana na picha za Carl Horner, mpigapicha wa Boston. Nyuma ya uso kuna rangi moja tu iliyotulia, chungwa, kijani au buluu, na kuizunguka picha kuna pindo jeupe.

Ukitaja T206 kwa mtu wa nje atakuambia habari za Honus Wagner, ambaye kadi yake iliondolewa mapema, ama kwa sababu hakutaka watoto wanunue sigara ili wampate, ama kwa sababu hakulipwa. Maelezo yote mawili yapo. Nakala moja, iliyopewa daraja la 3 tu kati ya 10, iliuzwa kwa dola milioni 6.6 mwaka 2021, na nyingine ikatajwa kufika milioni 7.25 mwaka 2022. Lakini Wagner anapotosha picha nzima, maana wakusanyaji wa T206 hawaishi kwa ajili yake. Wengi hawatamgusa maishani. Wanaishi kwa maswali kama haya: Ty Cobb yupi? Yuko mara nne katika seti hiyo: uso wenye mandhari nyekundu, uso wenye mandhari ya kijani, gongo likiwa begani, na gongo likiwa mbali na bega. Wa kijani ni adimu kuliko mwekundu na bei yake inalijua hilo. Ila wako wanaomchagua mwekundu bila kujali, kwa sababu wekundu ule unamfaa mtu aliyejulikana kwa hasira.

Halafu kuna watu wa mgongo. Nyuma ya kila kadi kuna tangazo la sigara iliyotoka nayo. Piedmont na Sweet Caporal zimejaa kila mahali. Drum, Uzit na Lenox ni nadra. Mchezaji asiyekumbukwa na yeyote, akiwa na mgongo wa Drum, anaweza kuuzwa ghali kuliko mchezaji mashuhuri mwenye mgongo wa Piedmont. Kwa mgeni jambo hili ni kichekesho, mtu analipia upande usio na picha. Lakini huo nao ni mtindo wa kukusanya: mwenye mgongo anasoma historia ya viwanda na mashine za uchapaji, na uso kwake ni nyongeza.

Pindo

Anayenunua kanga hatazami mji peke yake. Pindo likikosewa, kanga imekosewa. Kadi za besiboli zina tabia hiyohiyo, na nadhani hapa ndipo ulipo ufunguo wa mabishano mengi.

Mwaka 1911 watengenezaji walewale wa T206 walitoa seti nyingine, T205. Pindo lake ni la rangi ya dhahabu. Wachezaji wa American League, mojawapo ya ligi kuu mbili, waliwekwa ndani ya fremu yenye umbo la uwanja, wa National League walipewa uso mkubwa na saini, wa ligi ndogo wakapewa mapambo kama ya mlango wa kanisa. Kwa ubunifu T205 imeizidi T206, na sina wasiwasi kulisema hilo. Nyuma yake kuna maelezo ya mchezaji na takwimu, kitu ambacho T206 haina. Basi kwa nini haipendwi sawasawa na dada yake? Kwa sababu dhahabu hubanduka. Kila mguso ukingoni huacha doa jeupe linaloonekana kutoka upande wa pili wa chumba, ilhali T206 ikiguswa hivyohivyo, weupe unaficha weupe.

Jambo hilo lilikuwa dogo hadi 1991, kampuni ya PSA ilipoanza kukagua kadi, kuzipa daraja kuanzia 1 hadi 10 na kuzifunga ndani ya kasha la plastiki. Wakaguzi huangalia kona, kingo, uso wa kadi, na kama picha imekaa katikati ya pindo. Kuanzia hapo pindo likawa fedha. Muundo wenye pindo la kuficha makosa ulipata madaraja ya juu kwa wepesi, na wenye pindo la kuyaanika ukaadhibiwa. Ndiyo hali ya Bowman ya 1955, yenye fremu ya televisheni ya mbao kwa sababu televisheni ya rangi ndiyo ilikuwa gumzo. Ndiyo hali ya Topps ya 1962, yenye pindo la mbao pia, na ya Topps ya 1971, yenye pindo jeusi tii.

Hiyo ya 1971 ni mfano mzuri wa jinsi ladha na soko vinavyovaliana nguo. Sikiliza watu wakiisifu: weusi wake, ujasiri wake, picha za mchezo wenyewe badala ya za kujipanga. Kisha angalia wanacholipia. Kadi isiyo na doa hufika bei za kushangaza, na ileile ikiwa na kona nyeupe kidogo tu hakuna anayeigeukia. Kama ni muundo unaopendwa, ungependwa hata ukiwa umechubuka. Wengi wa hao, kwa maoni yangu, wanapenda ugumu wa kuipata ikiwa nzima. Upendeleo huo ni halali, ila uitwe kwa jina lake.

Hata kasha lina mitindo yake. SGC, kampuni nyingine ya kukagua kadi, huikalisha kadi ndani ya fremu nyeusi, na watu wengi wa kadi za kabla ya vita huipendelea kwa sababu moja rahisi: pindo jeupe la T206 juu ya weusi huonekana kama limewashwa taa.

Karameli na herufi za Burdick

Herufi hizi, T na nyinginezo, zilitoka kwa Jefferson Burdick wa Syracuse, mfanyakazi wa kiwandani aliyesumbuliwa na ugonjwa wa viungo, ambaye kuanzia miaka ya 1930 aliorodhesha karibu kila aina ya kadi iliyochapwa Marekani. N ni sigara za karne ya 19, T ni sigara za karne ya 20, E ni peremende za mwanzo, R ni peremende na chingamu za baadaye. Ni mpango wa biashara, si wa sanaa: aliuliza nani aliigawa kadi, si kadi inafananaje. Ndiyo maana mtu akikuambia "mimi ni wa T" hajakuambia chochote kuhusu ladha yake. Ndani ya T kuna T206 yenye weupe na T205 yenye dhahabu, kuna T201 ya kukunja ambayo wachezaji wawili wanachangia jozi moja ya miguu, na kuna T3 kubwa za sigara za Turkey Red, zilizopatikana kwa kutuma kuponi na kutundikwa ukutani.

Upande wa E kuna ulimwengu mwingine. Kadi za karameli zilikuwa za watoto, na watoto hawatunzi. Rangi zake ni kali na uchapaji wake mara nyingi ni wa harakaharaka. Walio nazo huwa hawana majivuno ya watu wa T206. Cracker Jack za 1914 na 1915 ndizo malkia: mandhari nyekundu moja kwa kadi zote, na ndani yake yumo Joe Jackson, aliyekuja kufungiwa maisha kwa kashfa ya fainali za 1919. Zile za 1914 zilikaa ndani ya boksi la bisi zilizopakwa sukari-guru, kwa hiyo karibu zote zina madoa. Mwaka 1915 seti nzima iliweza kuagizwa kwa posta, na hizo zilifika safi. Anayetaka uzuri hununua ya 1915. Anayetaka ushahidi kwamba mtoto fulani aliwahi kuingiza mkono wenye sukari ndani ya boksi hununua ya 1914 na doa lake.

Mwaka 2012 katika dari la nyumba moja mjini Defiance, Ohio, zilikutwa kadi karibu 700 za karameli za seti ya E98, za mwaka 1910, kana kwamba zimetoka mashineni asubuhi ile. Kabla ya hapo E98 ilionekana seti ya rangi mbovu. Baada ya hapo watu waligundua kwamba rangi hazikuwa mbovu, zilikuwa chafu. Ladha ya miaka mia moja ilikuwa imejengwa juu ya uchafu.

Chingamu

Mwaka 1933 Goudey Gum Company ya Boston ilitoa kadi 240 za rangi, michoro yenye mandhari ya njano, nyekundu, kijani na buluu. Babe Ruth yuko mara nne: namba 53 njano, 144 akiwa mwili mzima, 149 nyekundu na 181 kijani. Mabishano ya Ruth yupi ni mzuri hayaishi, na hayamalizwi na uhaba. Namba 144 ilichapwa mara mbili ya nyingine, na bado wapo wanaoitetea kwa kuwa ndiyo pekee inayomwonyesha Ruth akiwa na tumbo lake na miguu yake myembamba. Namba 53 ndiyo ngumu zaidi kuipata safi, na nakala yake moja iliuzwa kwa dola milioni 4.2 mwaka 2021. Goudey pia walifanya ujanja: namba 106 haikuwepo, watoto wakaendelea kununua chingamu wakiitafuta. Malalamiko yalipozidi, mwaka 1934 waliichapa, ikiwa na picha ya mchezaji Napoleon Lajoie, wakawatumia kwa barua walioandika kulalamika, imebanwa na klipu. Alama ya klipu juu ya Lajoie, ambayo kwenye kadi nyingine ni dosari, hapa karibu ni muhuri wa uhalali.

Goudey hao hao mwaka 1938 waliweka vichwa vikubwa vya picha halisi juu ya viwiliwili vidogo vya katuni. Wapo wanaoziabudu. Mimi huzitazama nikacheka, nikazirudisha.

Pambano zuri kuliko yote la mitindo lilitokea 1953, kampuni mbili zilipowania wavulana walewale kwa fikra zinazopingana kabisa. Topps walirudi kwenye mchoro, kila mchezaji kwa brashi ya msanii. Bowman walikwenda kwenye picha ya kamera ya rangi, wakafuta kila kitu mbele: hakuna jina, hakuna timu, hakuna saini. Kadi ya Pee Wee Reese akiwa angani juu ya mkimbiaji anayeteleza hutajwa mara kwa mara miongoni mwa kadi nzuri kuliko zote zilizowahi kuchapwa, na sioni pa kuipinga. Rangi ziliwagharimu Bowman kiasi kwamba sehemu iliyobaki ya seti waliitoa kwa nyeusi na nyeupe. Miaka mitatu baadaye Topps waliwanunua. Aliyeshindwa sokoni ndiye aliyeshinda machoni.

Mwaka 1957 Topps waliuweka ukubwa wa kadi kuwa inchi 2.5 kwa 3.5, kipimo kinachotumika hadi leo, na picha ikawa ya kamera. Hata makosa yakawa ya kamera: Hank Aaron wa 1957 anaonekana akipiga kwa upande wa kushoto kwa sababu negativu iligeuzwa.

Turudi kwa Mantle, kijana wa mwaka 1952. Sy Berger na Woody Gelman, wafanyakazi wa Topps, waliisanifu seti hiyo juu ya meza ya jikoni kwa Berger huko Brooklyn, na karibu kila kitu tunachokiona leo kwenye kadi ya michezo kilikusanywa hapo: nembo, saini, takwimu nyuma. Fungu la mwisho lilitoka msimu ukienda ukingoni, wavulana walikuwa wameshahamia mpira wa miguu wa Kimarekani, na Berger alisimulia kwamba mwaka 1960 mabaki yalipakiwa kwenye boti na kutupwa Atlantiki. Wavulana wa 1952 walipofika umri wa kuwa na fedha, miaka ya 1980, walitafuta kadi iliyofanana na utoto wao. Bowman ya 1951 ilifanana na utoto wa kaka zao.

Gundi

Wagner mashuhuri kuliko wote, aliyenunuliwa kwa dola 451,000 mwaka 1991 na kuwa kadi ya kwanza kupewa daraja na PSA, alisifiwa kwa kingo zake kali. Mwaka 2013 mfanyabiashara Bill Mastro alikiri kwamba alikuwa amezipunguza kwa kukata. Burdick, kwa upande wake, alizibandika kadi zake, Wagner akiwemo, kwa gundi kwenye albamu alizolipatia jumba la makumbusho la Metropolitan jijini New York, vitu zaidi ya 300,000. Leo mtu akibandika kadi namna hiyo ataitwa mharibifu.

Lakini kuna kona moja ya ukusanyaji ambako gundi haimshtui mtu. Hadi 1947 ligi kuu za Marekani ziliwafungia mlango wachezaji weusi, na watengenezaji wa kadi wakafuata nyayo. Jackie Robinson, aliyeufungua mlango huo, aliingia kwenye kadi za kampuni za Leaf na Bowman mwishoni mwa miaka ya 1940. Ile ya Leaf, yenye mandhari ya njano, imechapwa vibaya kiasi kwamba rangi mara nyingi hazikai mahali pake, na inapendwa kupita nyingi zilizochapwa vizuri. Josh Gibson, nyota mweusi mwingine, hakufika huko. Kadi yake inayotafutwa ni ya Puerto Rico, ya msimu wa 1950–51, alipokuwa ameshafariki. Oscar Charleston, naye nyota mweusi, yuko kwenye kadi za sigara za Cuba, za Billiken za msimu wa 1923–24, picha ndogo za kamera zisizo na pambo lolote. Kadi nyingi za Cuba zilikusudiwa albamu, na zikabandikwa. Daraja lao ni 1 au 2, migongo imechanika, kona zimeisha, na wanaozitaka hukagua kitu kimoja tu: kama uso bado unaonekana. Anayesubiri Charleston mwenye mgongo safi atasubiri sana. Wengi hawasubiri, wanamchukua na gundi yake.